Mtoto wa madrasa na mlango wa potasiamu



Kamati ya msikiti ikikaa kikao, aghalabu huzungumza mambo yale yale: bati linalovuja, mikeka iliyochakaa, posho ya mwalimu wa madrasa, na nani atachimba kaburi masika yakikaza na udongo ukawa tope. Sisi tuliopewa ukatibu wa kamati katika msikiti wetu hapa Kasokola, Mpanda, tumeyaandika hayo mara nyingi hata mkono huenda wenyewe. Walakini hivi karibuni liliingia kitabuni shauri ambalo halijapata kuandikwa humo. Wazazi watatu waliomba mtoto wa kike wa miaka tisa aondolewe madrasa kwa kuwa ana kifafa. Alianguka katikati ya darasa, povu likamtoka, akajikojolea. Watoto wakakimbia, na baadhi yao hawakurudi tena.

Wazazi wale walisema kwa adabu, na hoja zao zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwamba mate ya mwenye kifafa huambukiza. Ya pili, kwamba mtoto yule ana kitu kinachomkalia, hivyo haifai akae na wenziwe mbele ya msahafu. Shauri likaahirishwa kwa majuma mawili ili itafutwe ilimu. Tunaandika leo kueleza tulichokipata katika majuma hayo, kwa sababu tunaamini familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zina mtoto kama huyu, au zina jirani anayemficha mtoto kama huyu chumbani wageni wanapopiga hodi.

Kwanza mama yake alizungumza, kutoka upande wa akina mama, nyuma ya pazia. Alisema mtoto alianza kushtuka akiwa na siku tatu tangu azaliwe: mkono na mguu wa upande mmoja vinakakamaa, uso unageuka kuwa wa buluu, kisha anatulia na kunyonya kana kwamba hapakuwa na kitu. Ikasemwa ni degedege. Akafukiziwa moshi wa kinyesi cha tembo, kama wafanyavyo wengi. Baada ya miezi michache mishtuko ikakoma, na watu wakasema moshi umesaidia. Alipofika miaka saba ikarudi kwa sura nyingine, ndiyo hii ya kuanguka. Tangu hapo upande wa mume umekuwa ukisema kwamba kizazi cha mke kina kasoro, na maneno ya kumrudisha kwao yamekwishatamkwa zaidi ya mara moja. Mama yule hakulia. Alisema tu kwamba hajui alichokosea katika mimba ile, na kwamba kama yupo anayejua, amwambie.

Kijana wetu mmoja anayesomea utabibu Dar es Salaam alikuwa likizo nyumbani. Tulimwomba atufafanulie, naye akakaa nasi barazani baada ya Swala ya Isha kwa siku kadhaa. Sisi masomo yetu ni ya chuo cha Kiislamu, si ya maabara, kwa hiyo tulimuuliza mengi, mengine mara tatu, hadi tukaridhika kwamba tunaweza kuyaeleza kwa lugha yetu wenyewe.

Ubongo wa mwanadamu una seli za neva takriban bilioni 86, na seli hizo huzungumza kwa umeme. Umeme huo si wa waya. Ni wa chumvi. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba sana wa mafuta. Ndani ya utando kuna potasiamu nyingi. Nje yake kuna sodiamu nyingi, ile iliyomo katika chumvi tunayotia mchuzini. Ipo pampu katika utando ambayo haipumziki usiku wala mchana: kila inapofanya kazi mara moja hutoa nje sodiamu tatu na kuingiza ndani potasiamu mbili. Kwa kazi hiyo seli hubaki na tofauti ya umeme baina ya ndani na nje, mfano wa maji yaliyozuiwa nyuma ya ukuta wa bwawa. Seli inapotaka kupeleka habari, milango ya sodiamu hufunguka na sodiamu huingia kwa kishindo. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Kisha, kabla hata ya kope kushuka, milango ya potasiamu hufunguka, potasiamu hutoka, na seli inatulia tayari kwa habari nyingine.

Tufikirie msikiti siku ya Idi. Watu wanaingia kwa mlango mkubwa, na baada ya hotuba wanatoka kwa milango ya pembeni ili kundi la pili lipate nafasi. Lau milango ya kutokea ingekwama nusu, huku ule wa kuingilia uko wazi, ndani kungekuwa na msongamano, kisha kusukumana, kisha makelele. Hivyo ndivyo seli ya neva inavyokuwa pale mlango wa potasiamu unapokuwa na hitilafu. Haitulii. Inarusha habari juu ya habari, jirani zake nao wanaambukizwa makelele yake, na punde kundi zima la seli linapiga kelele kwa mkupuo mmoja. Mwili unaotawaliwa na kundi hilo unakakamaa na kutikisika bila ya mwenyewe kutaka. Kwa nje ndiyo tunayoiita kifafa.

Kuna jambo kuhusu mlango huu ambalo lilitufanya tunyamaze kitambo pale barazani. Chembe ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu. Akili ya kawaida inasema kwamba mlango unaompitisha mkubwa hauwezi kumzuia mdogo. Lakini mlango wa potasiamu hupitisha potasiamu kwa mamilioni mengi katika sekunde moja, na sodiamu haipiti ila kwa nadra mno. Inawezekanaje? Mwaka 1998 mtaalamu wa Marekani, Roderick MacKinnon, na wenzake walifaulu kuliona umbo la mlango huo, tena si wa mtu, bali wa bakteria anayeishi udongoni. Katika njia yake nyembamba wakaona atomi za oksijeni zimepangwa kwa nafasi inayoikaa potasiamu sawasawa. Potasiamu husafiri ikiwa imevaa maji. Ifikapo mlangoni huyavua maji na kushikwa na zile oksijeni, kama mtu anayevua viatu na kukuta mkeka wa kipimo chake. Sodiamu, kwa udogo wake, haiwezi kuzigusa oksijeni zote. Hasara ya kuvua maji ni kubwa kuliko faida ya kupita, basi hubaki nje. Kwa kazi hiyo MacKinnon alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003, pamoja na Peter Agre aliyegundua mlango wa maji katika seli. Mzee mmoja wa kamati, ambaye kwa kawaida husinzia tukizungumzia mahesabu, alisema, “Subhanallah, kumbe hata udongo tunaoulima una milango yenye mizani.”

Sasa turudi kwa mtoto mchanga. Mwaka 1964 madaktari wawili wa Vienna, Rett na Teubel, waliandika habari za familia moja ambamo watoto wa vizazi kadhaa walishtuka katika siku za mwanzo za maisha yao, kisha wakapona. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini kujua sababu. Mwaka 1998 watafiti waligundua jeni mbili, KCNQ2 na KCNQ3, ambazo ni maelekezo ya kutengeneza aina moja ya mlango wa potasiamu ubongoni. Mlango huo hufunguka taratibu na kubaki wazi kwa muda. Kazi yake ni kama breki ya baiskeli kwenye mteremko. Hitilafu katika nakala moja ya jeni hizo yatosha kuidhoofisha breki.

Kwa nini basi mishtuko ianze siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi ikome ndani ya miezi? Hapa ndipo penye ilimu ya ukuaji wa ubongo. Katika ubongo wa mtu mzima kuna kemikali ziitwazo GABA ambazo kazi yake kubwa ni kutuliza seli. Katika ubongo wa mchanga kemikali hizo hizo mara nyingi husisimua badala ya kutuliza, kwa sababu mpangilio wa chumvi ndani ya seli bado haujakomaa. Wataalamu wengi wanaona kwamba katika kipindi hicho mzigo wa kutuliza huelemea zaidi milango ya potasiamu. Ikiwa na kasoro, hakuna mwingine wa kuisaidia. Mtoto akikua, njia nyingine za kutuliza hukomaa na mishtuko hukoma. Si moshi uliomaliza. Wachache wao, hata hivyo, hupata kifafa tena baadaye utotoni au ukubwani.

Ipo pia sura nzito ya ugonjwa huu, iliyobainishwa na watafiti mwaka 2012, ambapo mlango umeharibika zaidi na ubongo wenyewe haukui ipasavyo: mtoto huchelewa kukaa, kutembea na kusema. Mara nyingi hitilafu ya namna hiyo haikutoka kwa baba wala kwa mama. Ilitokea yenyewe, herufi moja ya maandishi ya jeni ikabadilika tangu mwanzo wa uhai wa mtoto. Na ile sura nyepesi, inayopita katika familia, huweza kurithiwa kutoka kwa baba sawa na kutoka kwa mama.

Neno hili la mwisho tulilisoma kikaoni kwa sauti, na kikao hakikwenda tena kama kilivyopangwa. Bibi mzaa baba, ambaye alikuwa amekaa na akina mama wenziwe bila ya kusema lolote, aliomba ruhusa. “Wanangu,” alisema, “msimtaabishe mkaza mwanangu. Hata huyu mwanangu alishtuka hivyo hivyo siku zake za arubaini. Tulimficha. Marehemu mume wangu alikataza lisisemwe.” Baba wa mtoto aliinamisha kichwa. Sisi hatudai kwamba kwa maneno hayo ugonjwa wa mtoto umejulikana. Hakuna aliyempima jeni, na kipimo hicho si kitu cha kukuta Mpanda. Yamkini ni huo, yamkini ni mwingine. Lakini miaka tisa ya kumnyooshea kidole mwanamke mmoja iliishia pale.

Mama mmoja aliuliza swali ambalo tunadhani wasomaji wengi wanalo: ikiwa shida ni potasiamu, je, mtoto alishwe ndizi kwa wingi, kwa kuwa husifiwa kuwa na potasiamu? Hapana. Ndizi ni chakula chema, na mtoto ale. Lakini kasoro haimo katika kiasi cha potasiamu mwilini, ambacho figo hukilinda kwa uangalifu. Kasoro imo mlangoni. Kuongeza watu msikitini hakufungui mlango uliokwama. Na mtu asithubutu kumpa mtoto vidonge vya potasiamu kwa kukisia, maana ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo.

Kuhusu dawa, wataalamu walijaribu kuufungua mlango wenyewe. Dawa iitwayo retigabini iliruhusiwa mwaka 2011 kwa kazi hiyo hasa. Ikabainika kwamba hubadili rangi ya ngozi na kuathiri sehemu ya ndani ya jicho, watumiaji wakawa wachache, na mwaka 2017 ikaondolewa sokoni. Wengine wanaendelea kutafuta iliyo bora. Walakini faraja ni kwamba kwa wachanga wengi wenye mlango huu mbovu, dawa za zamani zinazopunguza kasi ya mlango wa sodiamu, kama kabamazepini, husaidia sana. Ikiwa mlango wa kutokea umekwama, punguza wanaoingia. Kabamazepini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, wala si dawa ya matajiri.

Tusije tukawafanya watu waamini kwamba kila kifafa ni cha jeni. Katika nchi zetu sababu nyingine ni nyingi, tena nyingi zaweza kuzuilika. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2013 ulipima vijijini katika nchi tano za Afrika, na Ifakara ya mkoani Morogoro ikiwamo. Ifakara ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko zote, takriban watu 15 wenye kifafa kinachoendelea katika kila watu 1,000. Kwa watoto, alama iliyojitokeza sana ilikuwa shida wakati wa kuzaliwa: mtoto aliyechelewa kulia, kupumua au kunyonya. Kwa wakubwa palikuwa na historia ya kulazwa kwa malaria au homa kali, na palikuwa na vimelea. Basi kujifungulia kituo cha afya, na kulala ndani ya chandarua, navyo ni kinga ya kifafa.

Na katika vimelea hivyo yumo tegu wa nguruwe. Tumesikia ndugu wakisema kwamba hilo halituhusu, sisi hatuli nguruwe. Kwa hakika linatuhusu. Anayekula nyama yenye vimelea hupata tegu tumboni. Lakini uvimbe wa ubongo unaoleta kifafa hutokana na kumeza mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu. Humfikia mwingine kwa maji ya kisima, kwa mboga isiyooshwa, kwa mkono wa mpishi. Jirani yako akikosa choo, chakula chako cha halali hakikukingi.

Hofu ya mate nayo ina historia ndefu hapa nchini. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifika Tanganyika mwaka 1959 na kuanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, mkoani Morogoro. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu mabaya ya moto. Walianguka jikoni katikati ya moto, na walio karibu hawakuthubutu kuwagusa, kwa kuogopa povu. Alipoanza kuwapa fenobabitoni, dawa iliyokuwa ikitumika ulimwenguni tangu mwaka 1912, mishtuko ya wengi ikapungua, na waliokuwa wakiishi pembezoni wakarudi kwenye mashamba yao. Leo, miaka zaidi ya sitini baadaye, Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, wengi mno wao katika nchi kama zetu, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko wakipata dawa sahihi. Povu ni mate ya mtu ambaye koo lake limebanwa. Hayaambukizi kifafa.

Ilibaki hoja ya pili, ya kitu kinachomkalia mtoto. Hapa tulijua kwamba tukizungumza kama daktari peke yake hatutasikilizwa, na wala si haki. Kuwepo kwa majini ni katika itikadi yetu. Lakini tuwaangalie wanazuoni wetu walisema nini. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameandika katika Zadul Maad kwamba kifafa ni cha namna mbili: kimoja kinatokana na roho ovu, na kingine kinatokana na maradhi ya mwili, na hicho cha pili ndicho wanachokizungumzia matabibu. Kabla yake Ibn Sina alikiweka kifafa katika maradhi ya ubongo. Basi aliye Muislamu na akasema kwamba kila anayeanguka ana jini, hakulitoa hilo kwa wanazuoni. Amelitoa mtaani.

Na ipo hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba huanguka kwa kifafa na nguo humfunuka, akaomba aombewe. Mtume (s.a.w.) akamhiyarisha baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba dua asifunuke, naye akamwombea. Wengi huitaja hadithi hii kwa ajili ya subira. Sisi tunataka msomaji atazame jambo jingine ndani yake: hapakuwa na aliyemkimbia. Alikwenda mwenyewe, akasikilizwa, akapewa hiari, na heshima yake ya kusitirika ikashughulikiwa kwanza. Ibn Abbas baadaye alimwonyesha mwanafunzi wake kama mwanamke wa Peponi.

Juu ya ruqya msimamo wetu ni huu. Qur'ani isomwe, mgonjwa na mzazi wake wanaihitaji. Lakini msomaji yeyote wa ruqya atakayemwambia mzazi aache dawa ili “isichanganyike” anamweka mtoto katika hatari kubwa. Dawa za kifafa, hasa fenobabitoni, zikikatwa ghafla huweza kuleta mishtuko mfululizo isiyokoma, na mtu hufa kwayo. Atakayempiga mtoto au kumfukizia mpaka akose pumzi, huyo hatumwiti msomaji wa ruqya.

Kamati iliamua mtoto abaki madrasa. Mwalimu amefundishwa la kufanya, na tunaliandika hapa kwa ajili ya madrasa nyingine. Mtoto akianguka, muondoleeni vitu vigumu vilivyo karibu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, legezeni mtandio shingoni, mlazeni kwa ubavu. Msimtie kijiko mdomoni, msimnyweshe chochote, msimshike kwa nguvu. Msitirini kwa kanga. Tazameni saa: ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajazinduka, ni hospitali mara moja. Na mchanga anayeshtuka ni hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri, kwa sababu licha ya milango tuliyoieleza, huenda ni maambukizi au sukari imeshuka, na hayo huua haraka.

Yule kijana wetu aliongeza jambo ambalo hatukutaka lipotee. Katika moyo nako kuna mlango wa potasiamu wa ukoo huo huo. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, walieleza habari za watoto viziwi wa kuzaliwa waliokuwa wakizimia ghafla, na baadhi wakafa. Ni watoto waliorithi kasoro ya mlango huo kwa baba na mama wote wawili, jambo ambalo hutokea zaidi wazazi wakiwa ndugu. Huonekana kama kifafa, kumbe ni moyo. Basi mwenye mtoto kiziwi anayeanguka akikimbia au akishtushwa, amwombe daktari ampime umeme wa moyo.

Kwa wakubwa kuna suala la Ramadhani. Usingizi unaokatwa kwa ajili ya daku na dozi inayorukwa mchana vyote huamsha mishtuko. Mgonjwa amwone daktari tangu Shaaban, si tarehe moja Ramadhani. Dawa nyingine hupangwa futari na daku, nyingine haziwezekani, na sharia imekwishampa mgonjwa ruhusa. Na msichana anayekaribia umri wa kuolewa aulizwe dawa anayoitumia: kama ni valproeti, daktari ajulishwe mapema, kwani inajulikana kuharibu mimba na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Asiiache mwenyewe, lakini ajulishwe.

Jambo moja kamati haikuafikiana, nalo ni posa. Je, anayekuja kuposa katika nyumba yenye kifafa aambiwe kabla ya nikaha? Wazee wawili wanasema aibu ya mtu isitirike, hasa ikiwa ameishi miaka bila kuanguka. Wengine, na sisi katibu tukiwa upande huo, tunaona kwamba yule mama asingelaumiwa miaka tisa kama nyumba ya mumewe ingesema ilichokijua. Imamu ametaka muda wa kurejea vitabu vya fiqhi. Mjadala utaendelea barazani Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu baada ya Swala ya Alasiri, akina baba na akina mama, na wenye wagonjwa nyumbani wanaombwa hasa wafike nao.